Mwongozo wa kumhudumia mgonjwa mwenye njia bandia ya hewa na anayepumuliwa na mashine

Mrija unapoingizwa kwenye koromeo la mgonjwa humwokoa maisha, na papo hapo humnyang'anya kazi kadhaa ambazo mwili wake ulikuwa ukizifanya bila yeye kuzifikiria. Pua haiipashi tena hewa joto wala kuitia unyevu. Kikohozi hupungua nguvu kwa sababu nyuzi za sauti haziwezi tena kufungana na kufunguka kwa kishindo. Mate hayamezwi vizuri, hivyo hujikusanya juu ya puto la mrija, yaani kifuko cha hewa kinachoziba nafasi kati ya mrija na koromeo, na sauti hukatika kabisa. Karibu kila hatua inayofuata hapa ni njia ya kumfanyia mgonjwa mojawapo ya kazi hizo mpaka aweze kuirudia mwenyewe. Muuguzi anayeliona jambo hili hivyo haelemewi na orodha ndefu za kukariri, kwani kila anachokifanya kitandani anakijua sababu yake.

Maelezo haya yanahusu wagonjwa watu wazima, wenye mrija uliopitia mdomoni au wenye trakeostomia, yaani mrija unaoingilia tundu lililotobolewa shingoni. Vipimo vya watoto ni tofauti na havipaswi kukisiwa kutokana na hivi.

Kupokea zamu

Unapofika kitandani, mtazame mgonjwa kabla ya kutazama kioo cha mashine. Angalia kama kifua kinapanda pande zote mbili kwa usawa, kama anatokwa jasho, kama misuli ya shingo inavutika kila anapopumua, kama midomo na kucha zina rangi ya kawaida, na kama uso wake unaonyesha maumivu au hofu. Kisha sikiliza kifua kwa stetoskopu, kulia na kushoto, mbele na pembeni. Baada ya hapo ushike mrija kwa mkono mahali unapotokea mdomoni na uufuate, kiungo kwa kiungo, mpaka kwenye mashine, kwa sababu mirija iliyojikunja chini ya mto au kiungo kilicholegea hugunduliwa haraka zaidi kwa mkono kuliko kwa macho.

Soma alama ya sentimita iliyo kwenye meno na uilinganishe na iliyoandikwa mrija ulipowekwa. Kwa kawaida ni karibu sentimita 21 kwa mwanamke na 23 kwa mwanamume, lakini kipimo cha kuaminika kwa mgonjwa wako ni kile kilichothibitishwa kwa picha ya eksirei, ambayo huonyesha ncha ya mrija ikiwa sentimita 3 hadi 5 juu ya mahali koromeo linapogawanyika. Mrija ukizama zaidi, mara nyingi huingia upande wa kulia, kwa kuwa bomba la pafu la kulia ni pana na limenyooka zaidi. Dalili yake ni upande wa kushoto kukaa kimya unapousikiliza. Pale penye kapnografia, mchoro wa kabonidioksidi unaopanda na kushuka kwa kila pumzi ndio uthibitisho bora kwamba mrija umo katika njia ya hewa. Mstari ukilala ghafla, chukulia kwamba mrija umetoka mpaka uthibitishe vinginevyo.

Kagua pia vifaa vya dharura kabla ya kuanza kazi nyingine yoyote. Mfuko wa kupumulia kwa mkono, yaani ambu, pamoja na barakoa yake, uwe umeunganishwa na oksijeni kando ya kitanda. Mashine ya kufyonzea makohozi iwe imewashwa na kujaribiwa: ziba ncha ya mpira wake kwa kidole uone mshale wa kipimo ukipanda. Mgonjwa wa trakeostomia awe na mirija miwili ya akiba inayoonekana, mmoja wa ukubwa ule ule na mwingine mdogo kwa namba moja. Kifaa kilicho kabatini upande wa pili wa wodi hakitamfaa kitu mgonjwa aliyebakiza dakika chache za oksijeni.

Sasa ndipo uitazame mashine. Linganisha mpangilio wake na maagizo ya daktari, ukianza na ujazo wa kila pumzi, ambao kwa kawaida huwa mililita 6 hadi 8 kwa kila kilo ya uzito unaokadiriwa kutokana na urefu. Uzito wa mizani hautumiki hapa, kwa sababu mtu anaponenepa mapafu yake hayakui. Kwa mwanamume, toa 152.4 kwenye urefu wake wa sentimita, zidisha jibu kwa 0.91, kisha ongeza 50. Kwa mwanamke, badala ya 50 ongeza 45.5. Mwanamume wa sentimita 170 basi huhesabiwa kilo 66, na pumzi ya mililita 6 kwa kilo ni takriban mililita 400, hata kama mizani inasema ana kilo 110. Kwa mgonjwa ambaye mapafu yake yamejaa uvimbe na majimaji, kiwango cha 6 ndicho cha kuanzia, na shinikizo linalopimwa pumzi ikiwa imeshikiliwa mwishoni mwa kuvuta hewa lisizidi sentimita 30 za maji. Namba zote ziandikwe, kwa maana mabadiliko ya saa tatu zilizopita hayaonekani kwa anayekumbuka tu.

Kuufunga mrija na kupima puto

Mrija hufungwa na watu wawili: mmoja anaushika kwenye kona ya mdomo bila kuuachia, mwingine anabadilisha plasta au kamba. Uhamishie upande wa pili wa mdomo angalau mara moja kwa siku na ukague midomo, ulimi na ngozi ya mashavu, ambako vidonda huanza kama wekundu mdogo. Andika alama ya sentimita kabla na baada ya kazi hiyo.

Puto la mrija hupimwa kwa geji kila zamu, na tena baada ya kumhamisha mgonjwa au kumgeuza. Shinikizo liwe kati ya sentimita 20 na 30 za maji. Likizidi 30, damu haipiti vizuri kwenye utando laini wa koromeo, hivyo utando hufa, hupata vidonda, na baadaye kovu lake linaweza kulifanya koromeo kuwa jembamba; likishuka chini ya 20, mate yenye vijidudu hupenya pembeni na kuingia mapafuni. Kuminya puto dogo la nje kwa vidole na kusema limejaa vya kutosha si kipimo, hata kwa mwenye uzoefu wa miaka mingi. Ukimsikia mgonjwa akitoa sauti au mkoromo wa mate unaofuatana na pumzi, hewa inavuja. Iwapo unalazimika kuongeza hewa kila mara, acha kuongeza na utafute sababu, kwani huenda mrija umepanda juu kuelekea kwenye nyuzi za sauti au puto limetoboka.

Unyevu

Hewa kavu hukausha makohozi mpaka yakaganda kama gundi ndani ya mrija, kwa hiyo kila mgonjwa wa mrija anahitaji ama kifaa cha kupasha maji joto kilichounganishwa na mashine, ama kichujio maalumu kinachorudisha unyevu wa pumzi yake mwenyewe. Viwili hivyo havitumiki kwa pamoja, kwa sababu kichujio hulowa na kuziba. Mgonjwa mwenye makohozi mazito, mengi au yenye damu anafaa zaidi kupashiwa maji joto. Maji yanayojikusanya kwenye mirija ya mashine yamwagwe mbali na mgonjwa, kamwe yasirudi upande wake. Mirija yenyewe haibadilishwi kwa ratiba, bali inapochafuka au kuharibika.

Kufyonza makohozi

Hii ndiyo kazi inayofanywa mara nyingi zaidi, na kwa maoni yangu ndiyo inayofanywa kwa mazoea kuliko zote. Kukagua kama mgonjwa anahitaji kufyonzwa kufuate saa, lakini kufyonza kwenyewe kufuate dalili: makohozi yanayoonekana mrijani, mngurumo unaposikiliza juu ya koromeo, mchoro wa hewa kwenye kioo wenye meno kama ya msumeno, shinikizo linalopanda, au oksijeni inayoshuka bila sababu nyingine. Kila katheta, yaani mpira mwembamba wa kufyonzea, inayoingia hukwaruza, huondoa oksijeni na huamsha kikohozi kinachoumiza, hivyo haipaswi kuingia bure.

1. Mweleze mgonjwa unachotaka kufanya, hata kama amelazwa usingizi kwa dawa. Nawa mikono, vaa glovu, barakoa na miwani ya kinga. Katheta inayotumika mara moja ishikwe kwa glovu tasa.
2. Chagua katheta ambayo unene wake hauzidi nusu ya upana wa ndani wa mrija. Mrija wa milimita 8 unachukua katheta namba 12, na wa milimita 7 unachukua namba 10.
3. Weka nguvu ya kufyonza kati ya milimita 80 na 120 za zebaki. Makohozi yakiwa mazito unaweza kuongeza kidogo, ila usivuke 150.
4. Mpe oksijeni ya asilimia 100 kwa sekunde 30 hadi 60.
5. Ingiza katheta bila kufyonza mpaka kwenye ncha ya mrija. Ukigusa kizuizi, rudisha sentimita 1 nyuma.
6. Fyonza huku ukiitoa. Kuanzia kuingia hadi kutoka kusizidi sekunde 15.
7. Mpe tena oksijeni, subiri apumzike, kisha usikilize kifua kabla ya kuamua kurudia.

Macho yako yawe kwenye mapigo ya moyo muda wote. Katheta inaweza kuugusa mshipa wa fahamu unaopunguza kasi ya moyo, na mapigo yanaposhuka ghafla unapaswa kuitoa katheta na kurudisha oksijeni mara moja. Maji ya chumvi hayamiminwi mrijani kama desturi: hayayeyushi makohozi yaliyoganda, hushusha oksijeni, na huweza kusukuma vijidudu chini zaidi. Dawa ya makohozi mazito ni unyevu wa kutosha na maji ya kutosha mwilini.

Mgonjwa anayehitaji shinikizo kubwa la mwisho wa pumzi, yaani lile ambalo mashine hulibakiza mapafuni hewa inapomaliza kutoka, anafaa kufyonzwa kwa katheta iliyofungiwa ndani ya mfuko wake, isiyohitaji kumtenganisha na mashine. Hakikisha umeirudisha nyuma mpaka alama yake nyeusi ionekane ndani ya mfuko. Ikibaki imechungulia ndani ya mrija hata kwa sentimita chache, njia ya hewa hupungua, shinikizo hupanda, na watu huhangaika kutafuta tatizo mapafuni wakati limo mkononi mwao. Mwishowe andika rangi, wingi na uzito wa ulichokitoa.

Kinywa, kichwa na tumbo

Nimonia inayotokea zaidi ya saa 48 baada ya mgonjwa kuwekewa mrija na kuanza kupumuliwa na mashine hutokana kwa sehemu kubwa na mate na majimaji ya tumbo yanayopenya pembeni ya puto. Inua kichwa cha kitanda nyuzi 30 hadi 45 isipokuwa kuna katazo, na upime kwa kifaa cha kitanda, kwa kuwa jicho hukadiria zaidi ya ilivyo. Mswaki laini wa meno, ulimi na ufizi ufanyike kila siku, pamoja na kulainisha midomo na kufyonza mate yaliyo nyuma ya koo kabla ya kumlaza chali kwa sababu yoyote. Dawa ya klorheksidini, iliyotumika kwa miaka mingi kusafishia kinywa cha wagonjwa hawa, haishauriwi tena kwa kazi hiyo katika miongozo iliyotolewa Marekani mwaka 2022. Mswaki ndio uliobaki na thamani yake.

Mgonjwa ageuzwe kwa ratiba, alishwe kwa mrija wa tumboni mapema kadiri daktari atakavyoagiza, na akingwe dhidi ya damu kuganda miguuni. Macho ya aliyelazwa usingizi kwa dawa yasisahauliwe: kope zisipofunga vizuri kioo cha jicho hukauka na kupata kidonda, jambo linalozuilika kwa mafuta ya macho na kwa kuzifunga kope kwa uangalifu.

Alamu inapolia

Usiizime kabla ya kumtazama mgonjwa. Alamu ya shinikizo la juu maana yake hewa inazuiwa kuingia: makohozi, mrija uliojikunja au kung'atwa, kikohozi, mgonjwa anayeshindana na mashine, mirija ya mapafu iliyobana, mrija uliozama upande mmoja, au hewa iliyovuja nje ya pafu na kujaa kifuani. Alamu ya shinikizo la chini au ya ujazo mdogo maana yake hewa inapotea: kiungo kimeachana, puto linavuja, au mrija umetoka. Anzia kwenye kiungo kilicho karibu zaidi na mdomo wa mgonjwa na uendelee kuelekea kwenye mashine.

Ikiwa oksijeni inashuka au mgonjwa anahangaika na sababu haionekani papo hapo, mtenganishe na mashine na umpumulishe kwa mfuko wa mkono wenye oksijeni ya asilimia 100, huku ukiita msaada kwa sauti. Hatua hii moja inatibu na inapima kwa wakati mmoja. Mfuko ukiminyika kwa urahisi, kifua kikapanda na hali ikatulia, tatizo liko kwenye mashine au mirija yake. Mfuko ukiwa mgumu, tatizo liko kwenye mrija wa mgonjwa au kifuani mwake. Pitisha katheta ya kufyonzea: isipopita, mrija umeziba au unang'atwa. Ikipita, sikiliza kifua. Upande mmoja uliokaa kimya pamoja na presha ya damu inayoporomoka humaanisha huenda hewa imejaa nje ya pafu, na daktari anahitajika wakati huo huo. Mrija ambao hauzibuki huku mgonjwa akizidiwa unapaswa kutolewa na mwenye ujuzi na mamlaka ya kufanya hivyo, ili apumulishwe kwa barakoa mpaka awekewe mwingine.

Mgonjwa wa pumu, au mwenye mapafu yaliyochakaa kwa moshi wa miaka mingi, ana hatari yake ya pekee. Asipopewa muda wa kutosha wa kutoa hewa, pumzi moja hupanda juu ya nyingine mpaka kifua kinajaa na damu inashindwa kurudi moyoni. Ukimtenganisha na mashine na kuisikia hewa ndefu ikitoka, kisha presha ya damu ikapanda, umeipata sababu, na daktari abadilishe mpangilio wa mashine.

Asidhani mtu kwamba mkono ni mbadala dhaifu. Mwaka 1952, mlipuko wa polio ulipowapooza watu wengi jijini Copenhagen, wanafunzi wa udaktari walipokezana usiku na mchana kuminya mifuko ya hewa iliyounganishwa na trakeostomia za wagonjwa, na wengi ambao wangekufa wakaishi. Mfuko ulio kando ya kitanda chako unafanya kazi ile ile, mradi uwe umeunganishwa tayari.

Sauti, maumivu na usingizi

Mgonjwa asiyeweza kusema huwa na mengi ya kusema kuliko wote wodini: anaumwa, ana kiu, haelewi yuko wapi, anadhani familia imemwacha. Simama mahali anapokuona, mwite kwa jina, mwambie ni saa ngapi na nini kimetokea, na uulize swali moja kwa wakati mmoja, linalojibika kwa ndiyo au hapana. Kubalianeni ishara, kwa mfano kufumba macho mara moja au kuminya mkono, na uiandike kwenye faili ili zamu inayofuata isianze upya. Mpe ubao na kalamu, au kadi yenye herufi na picha, na umvalishe miwani na kifaa chake cha kusikia kama alikuwa anavitumia. Wapo wagonjwa wanaofungwa mikono kwa sababu tu hakuna aliyegundua kwamba walikuwa wakinyoosha kidole kuonyesha mahali panapouma.

Maumivu yatibiwe kabla ya kuongeza dawa ya usingizi. Mgonjwa asiyeweza kujibu hupimwa maumivu kwa sura ya uso, mwendo wa mwili, kukaza kwa misuli na jinsi anavyopatana na mashine. Kina cha usingizi nacho hupimwa kwa kipimo cha RASS, kinachokipa kiwango cha usingizi au uchangamfu namba, na lengo kwa wagonjwa wengi ni kati ya 0 na kasoro 2, yaani mtu anayeamka na kukutazama anapoitwa. Usingizi mzito bila sababu huongeza siku za kuwa kwenye mashine na hudhoofisha misuli. Mwanga wa mchana, utulivu wa usiku, ndugu anayemshika mkono, na kumketisha kitandani mapema iwezekanavyo hupunguza mkanganyiko wa akili.

Mambo ya pekee ya trakeostomia

Kagua tundu la shingoni kila zamu, safisha kuanzia kwenye tundu kwenda nje, na badilisha pedi iliyolowa. Mrija wa ndani, kama upo, utolewe na kusafishwa mara kwa mara kulingana na makohozi, kwani ndiyo njia rahisi ya kuzuia kuziba. Kamba ya shingo ibane kiasi cha kidole kimoja kupita chini yake, na ibadilishwe na watu wawili.

Mrija ukichomoka katika wiki ya kwanza, tundu bado halijatengeneza njia imara, na kulazimisha kuurudisha kunaweza kuupeleka kwenye nyama za shingo badala ya koromeo. Ita msaada, ziba tundu kwa shashi, na umpumulishe kupitia mdomoni. Kwa aliyeondolewa zoloto, yaani kiungo cha sauti kilicho kooni, hilo haliwezekani, kwa sababu mdomo wake hauna tena njia ya kufika mapafuni: oksijeni hupitia shingoni pekee, na taarifa hiyo ibandikwe kwa maandishi makubwa juu ya kitanda.

Vali ya kuongelea humrudishia mgonjwa sauti, na furaha yake ni kubwa kwake na kwa ndugu zake. Lakini lazima hewa yote ya puto itolewe kabla ya kuiweka. Vali huruhusu hewa kuingia tu. Puto likiwa limejaa, mgonjwa hana pa kutolea pumzi.

Kumwachisha mashine

Kila asubuhi uliza, pamoja na timu, kama mgonjwa huyu bado anahitaji mashine. Iwapo ugonjwa uliomleta unapungua, presha ya damu imetulia, anaanzisha pumzi mwenyewe, na oksijeni anayohitaji ni asilimia 40 hadi 50 au chini ya hapo, dawa ya usingizi hupunguzwa au husimamishwa, kisha ajaribiwe kupumua kwa msaada mdogo kwa dakika 30 hadi 120. Kaa karibu naye. Jaribio lisitishwe iwapo pumzi zinazidi 35 kwa dakika, oksijeni inashuka chini ya asilimia 90, mapigo yanapanda kupita kiasi, au anatokwa jasho na kuhangaika. Kushindwa leo hakumzuii kujaribu kesho, na aambiwe hivyo waziwazi.

Akifaulu, na akiwa na kikohozi chenye nguvu na akili iliyo macho, andaa vifaa vya kumrudishia mrija kabla ya kuutoa. Mketishe wima, fyonza mrija, kisha fyonza kinywa na nyuma ya koo ili yaliyo juu ya puto yasishuke, fungua kamba, toa hewa yote ya puto, mwambie avute pumzi ndefu, na mrija utolewe pumzi hiyo inapofikia kilele. Mhimize akohoe na umpe oksijeni kwa barakoa. Kwa saa ya kwanza usiondoke karibu: mlio mkali anapovuta hewa huashiria uvimbe kooni na unahitaji daktari haraka. Kukwaruza kwa sauti ni jambo la kawaida kwa siku chache. Maji na chakula visubiri mpaka uwezo wake wa kumeza upimwe, kwa kuwa koo lililokaliwa na mrija kwa siku nyingi linaweza kupitisha kinywaji kwenda mapafuni bila hata kikohozi kimoja.